Unakwenda kwa Nani

Ijumaa Kuu, saa kumi na moja alfajiri,
Iringa bado imefumba mdomo.
Nimevaa suruali mbili, soksi tatu,
na gazeti la juzi nimelikunja kifuani, ndani ya koti:
habari za bei ya mbolea zinanikinga baridi.

Pikipiki ni ya mnada. Ubavuni bado imeandikwa
MRADI WA CHANJO YA NG'OMBE, AWAMU YA PILI.
Sijaifuta. Kila mtu ana jina la utotoni.

Mafinga. Lori la magogo linapanda likikohoa,
nami nyuma yake nanusa utomvu wa misonobari
kilomita nne nzima, hadi dereva anatoa mkono dirishani:
pita, kijana.
Nikapita, kijana mimi, nikicheka ndani ya helmeti.

Upepo wa Makambako haubishi hodi,
unakushika bega kama mdai aliyekukuta sokoni.
Pale sheli navua helmeti, muuza mafuta anaona hereni.
"Dada! Shemeji yuko nyuma?"
"Hakuna mtu nyuma."
"Sasa unakwenda kwa nani?"

Nikasema kwa shangazi, anaumwa.
Njombe, kwa muuza parachichi, ugonjwa ukageuka harusi.
Mbele kidogo askari aliigeuza leseni yangu juu chini,
harusi ikawa msiba,
naye akasogea, akasema pole, akanifungulia njia.
Kilomita thelathini baada ya hapo nililia kwelikweli,
nikimlilia marehemu nisiyemjua jina,
miwani imejaa ukungu, barabara imejaa ukungu.

Jioni, kabla ya Makete, tairi la nyuma likakata tamaa.
Nilikokota. Matope hadi kifundo cha mguu.
Fundi Eliudi Tweve alitoka kanisani mbio,
joho la kwaya kalifunga kiunoni,
akapiga magoti mbele ya gurudumu.
Hakuniuliza kwa nani. Aliuliza:
"Nikujazie upepo kiasi gani?"
Swali la kwanza siku ile nililokuwa na jibu lake.

Nyumba ya wageni ina daftari lililopigwa mistari kwa rula.
Jina. Kabila. Kazi. Utokako. Uendako.
Sababu ya safari.
Miaka kumi na moja mimi ni karani wa masijala.
Nafasi tupu naijua, ndiyo ugali wangu;
kwa nafasi moja tupu nimewarudisha wazee hadi Pawaga,
nauli yao ya kuazima ikiyeyuka juani.
Kalamu ikasimama. Mama Sanga akasogeza taa,
akasoma, akanyamaza,
akanichukulia kalamu mkononi, akaandika: Anapita.
Kisha akaniongeza blanketi.

Jumamosi, Kitulo.
Nilizima injini katikati ya nyasi.
Ng'ombe mmoja aliinua kichwa, akasoma ubavu wa pikipiki
(naapa alisoma), akaenda zake.
Vidole vilikufa ganzi, nikaikumbatia injini
kama mtu anayeota chungu cha maharage.
Kimya. Moyo bado uko gia ya tatu.
Hakuna shangazi, hakuna harusi, hakuna marehemu.
Nilikaa hadi chuma kikapoa.

Halafu Matamba, halafu mteremko wa Chimala.
Kona wanasema ni hamsini na saba.
Nilihesabu kwa sauti, breki zikinuka,
thelathini na mbili, thelathini na tatu,
na pale Usangu ikafunguka chini yangu,
majaruba yanametameta hadi macho yanapochoka,
hesabu ikaniponyoka.
Mimi, karani. Sikuitafuta.

Jumanne, dirisha namba mbili.
Mzee ameleta fomu, nafasi moja tupu,
na tayari ameshika kofia yake, anangoja kurudishwa.
Kucha zangu bado zina grisi.
Nikagonga muhuri.
Pembeni pakabaki alama ya dole gumba, nyeusi,
akaipuliza kama wino, akaikunja, akaondoka nayo.